Masikio Yaliyolala Jikoni

1

Siku mashine ya kusikiliza ardhi ilipoingia kijijini Lusyeto, neno lake la kwanza lilikuwa samahani.

"Samahani, mama," ilisema. "Mwenzangu amekanyaga mboga zako."

Bibi Subilaga alinyanyua uso kutoka kwenye ungo wa maharage aliyokuwa akichambua. Nje ya mlango wa jiko alisimama kijana mrefu, amelowa chapachapa, kifuani amening'iniza sanduku la kijani lenye ukubwa wa Biblia ya kanisani. Sanduku ndilo lililosema. Kijana mwenyewe alikuwa akiitazama buti yake, ambayo kweli ilikuwa katikati ya tuta la mnafu.

Bibi alikuwa na miaka sabini na mitatu. Katika miaka hiyo alikuwa amekanyagiwa mboga na ng'ombe, na wachumba wa binti zake, na mwinjilisti mmoja aliyekuwa akikimbia nyuki. Hakuna hata mmoja aliyeomba radhi kabla ya kugombezwa. Akalipenda sanduku papo hapo.

"Karibuni ndani nyote wawili," akasema.

Kijana alivua buti mlangoni bila kuambiwa, akaziegesha ukutani mahali ambapo hazingemkwaza mtu. Bibi aliliona hilo akaliweka moyoni. Jina lake Yoramu Chilongani, mhandisi, mzaliwa wa Dodoma, ambako mvua ni mgeni wa heshima. Huku kwenye miteremko ya Rungwe mvua ndiyo mwenyeji, na mtu huomba nafasi ya kupita. Sanduku liliitwa Sikizi.

"Tumekuja kupiga picha ya chini, bibi," Yoramu alisema, mikono ameizungushia kikombe cha chai ya maziwa. "Kuna ufa unaopita hapa kijijini, na bado uko hai. Hatujui unapita wapi hasa."

"Na hilo lori la nyundo tulilotangaziwa?"

Yoramu alitazama chini. "Limerudi Tukuyu. Lilifika kwenye mteremko wa kanisa, likasema njia haifai, likageuka. Halina dereva, bibi. Nililisihi sana."

"Ulilisihi vipi?"

"Aliliita mheshimiwa," alisema Sikizi.

Bibi alicheka mpaka maharage yakamwagika. Kisha akamwongezea kijana chai, maana mtu aliyemsihi lori kwenye mvua anastahili kikombe cha pili.

Miaka hiyo vijiji vyote vilivyokaa juu ya Bonde la Ufa vilikuwa vikipigwa picha, kimoja baada ya kingine. Hapakuchimbwa shimo. Mafundi walichomeka ardhini masikio, vitu vidogo mfano wa uyoga, vyenye mwiba wa chuma kwa chini. Lori la nyundo likapiga ardhi, na mlio ukashuka chini na kurudi. Kwenye mwamba mzima mlio hukimbia. Kwenye mwamba uliosagwa na ufa hujikokota kama mtu anayetembea kwenye tope. Masikio yakasema mlio ulifika saa ngapi, na Sikizi akachora. Kisha ikaja Sheria ya Mstari: nyumba yoyote iliyo ndani ya hatua thelathini kutoka kwenye ufa huhama kabla ya siku tisini, na mwenyewe humwagiwa nyumba nyingine mahali salama, kuta zikitoka kwenye mtambo kama uji mzito.

"Kwa kuwa nyundo haipo," Yoramu alieleza, "tutasikiliza manung'uniko ya ardhi yenyewe. Mito, upepo, mawimbi ya Ziwa Nyasa kule mbali. Hayo nayo hupita chini. Yanatosha, ila yanataka subira. Siku tatu, masikio sitini, na yasiguswe na mtu."

"Yatakaa nje siku tatu?"

"Nje, bibi. Mashambani."

Bibi aliyatazama. Yalikuwa yamepangwa kwenye begi, vichwa vidogo vyeupe, kama vifaranga.

2

Yoramu alichomeka masikio manne kwenye shamba la Bibi, namba kumi na nne hadi kumi na saba. Mengine aliyapanga kwa mstari kutoka kanisani hadi kiwanja cha mpira, akipita kila ua. Jioni hiyo mvua ikaanza kunyesha, ile ya Lusyeto hasa, isiyokuwa na haraka kwa sababu haina pengine pa kwenda.

Bibi alisimama upenuni akiyatazama masikio yake manne. Maji yalikuwa yakitiririka vichwani mwao. Namba kumi na sita lilikuwa limeinama.

Alijua yamekatazwa kuguswa. Lakini aliyekataza alikuwa mtu wa Dodoma, na mtu wa Dodoma huzungumza habari za mvua kama mtu anayesimulia harusi aliyoisikia kwa jirani. Tangu Bibi azaliwe, nyumba ya kwao haikuwahi kumwacha mgeni alale nje akinyeshewa. Hata yule wakala wa mbolea feki alilazwa ndani, akafukuzwa asubuhi baada ya chai.

Akachukua kitenge, akatoka, akayang'oa moja moja. Akayafuta matope. Akayachomeka kwenye sakafu ya udongo ya jiko, karibu na mafiga, yakiwa yamejipanga yakiutazama moto.

"Haya," akayaambia. "Sikilizeni hapahapa. Ardhi ni ileile."

Siku tatu alipika mbele yao. Alfajiri alibandika maharage, akachochea kuni hadi sufuria ikatetemeka, mchana aliyaepua, jioni akabandika ndizi. Kwa kuwa hakutaka kuyaacha peke yao ugenini, alihamishia mkeka jikoni akalala hapo. Siku ya nne, kabla hakujapambazuka vizuri, aliyasindikiza shambani, kila moja kwenye tundu lake.

Yoramu alipopita kuyakusanya, alilishika namba kumi na sita akaligeuza mara mbili.

"Mvua yote hii," akasema, "wala halina tope."

"Labda ni aina nzuri," Bibi alisema.

Ni lazima ielezwe hapa kwamba sikio halina macho. Kila moja lilijua namba yake na mahali lilipoambiwa kwamba lipo, basi. Waliolitengeneza walikuwa wamelikinga dhidi ya radi, panya na wezi. Huruma hawakuiwazia.

3

Ijumaa mchana ofisi ya kijiji ilijaa hadi madirishani. Yoramu aliweka Sikizi juu ya meza ya mwenyekiti, Mzee Mwaipaja, na picha ikainuka hewani, safu za mwamba zikiwa na rangi ya kahawia na buluu. Ufa ulikuwa mstari mwekundu. Ulianzia kanisani, ukafika kwenye nyumba ya kwanza, ukaizunguka. Ukafika ya pili, ukaizunguka nayo. Ulipita kwa namna hiyo kijiji kizima bila kumgusa mtu, kisha ukapiga mbizi chini ya kiwanja cha mpira.

"Sijawahi kuona ufa wenye adabu namna hii," Yoramu alisema taratibu.

"Ni ufa wa Lusyeto," alisema mwenyekiti. "Umelelewa."

"Kuna jambo jingine," alisema Sikizi. "Chini ya jiko la Bibi Subilaga pana chemchemi ya maji moto. Huchemka kwa nguvu alfajiri, hutulia mchana, huchemka tena jioni. Usiku hutoa pumzi ndefu zenye mkoromo."

Watu wote waligeuka kumtazama Bibi kwa heshima mpya. Mzee Mwaipaja alikuwa tayari ameanza kuongea habari za umeme wa mvuke na hoteli ya watalii. Bibi alihisi masikio yake mwenyewe yakipata moto. Aliijua sufuria yake. Na ule mkoromo, marehemu mumewe Asajile alimweleza habari zake kwa miaka arobaini, naye akakana miaka yote arobaini.

"Na wodi?" aliuliza mtu.

Lusyeto walikuwa wameomba wodi ya wazazi kwa miaka kumi na mmoja. Wizara ilikuwa imekubali, ila kwa sharti la picha. Kiwanja kilikuwa cha Tupokigwe, jirani wa Bibi wa ng'ambo ya njia, anayeitwa Mama Lwitiko. Binti yake alijifungulia kwenye mteremko wa kanisa, kwenye mvua, na tangu siku hiyo Tupokigwe alikuwa akisema kiwanja chake kichukuliwe bure ilimradi asilione jambo lile mara ya pili.

"Kwa picha hii," alisema Yoramu, "kiwanja cha Mama Lwitiko ni salama. Mtambo wa kumwaga utafika Jumatatu."

Tupokigwe alijifunika uso kwa khanga akalia kidogo, halafu akamkumbatia Yoramu, aliyekuwa mrefu mno, kwa hiyo akamkumbatia tumboni.

4

Nyuma ya jiko la Bibi kulikuwa na kidaraja cha udongo, mfano wa ngazi moja yenye kimo cha goti, kilichokata migomba kwa mstari ulionyooka. Vijana walidhani ni kontua iliyotengenezwa na wazee ili kuzuia udongo. Bibi alijua zaidi. Mwaka mwanawe Ambokile alipokuwa ananyonya, ardhi ilitikisika mchana kweupe, na walipotoka nje migomba ya upande wa chini ilikuwa imeshuka kwa kimo hicho. Asajile alisema afadhali, sasa ana mahali pa kukaa. Alikaa hapo jioni zote za maisha yake, na hatua kumi kutoka hapo ndipo alipozikwa.

Kidaraja kilielekea jikoni kwa Bibi. Kikitokea upande wa pili, kilivuka njia, kikaingia kwenye kiwanja cha Tupokigwe.

Akiongea, picha ni uongo, na kwenye picha mpya ufa ungepita hapa. Siku tisini, aache jiko, aache kaburi. Kijana naye angeandikiwa kosa huko kwao, yeye aliyemjazia pipa la maji bila kuombwa. Wodi ingeahirishwa tena. Asipoongea, kila kitu ni kizuri na kila mtu ana furaha.

Jumamosi alimwita Yoramu mara tatu ili amweleze. Kila mara maneno yalimkwama, akamuuliza kama angependa parachichi. Hadi jioni Yoramu alikuwa amekula sita, hakukataa hata moja, akawa anatembea kwa uangalifu.

Jumapili baada ya ibada alimwachia Bibi sanduku likauke karibu na moto, akaenda kujilaza. Bibi alisogeza kigoda karibu nalo.

"Sikizi."

"Naam, mama."

"Mtu akikudanganya, unajua?"

"Najua kile ninachoambiwa na masikio."

"Na kama masikio yalikuwa yamekaa mahali pengine?"

"Basi picha ni ya mahali pengine."

Bibi alisukuma kuni ndani. "Tuseme wodi imemwagwa juu ya ufa. Itakuwaje?"

"Itakaa vizuri, mama," alisema Sikizi, "mpaka siku ambayo haitakaa."

"Na siku hiyo ni lini?"

"Hakuna mashine inayojua hilo. Inaweza kuwa baada ya miaka mia mbili. Inaweza kuwa siku ambayo vitanda vyote vina watu."

Bibi akafikiria vitanda. Akamfikiria binti wa Tupokigwe kwenye mteremko, na Tupokigwe akimfunika mwanawe mvua kwa mwili wake mwenyewe. Akaepua maharage kabla hayajaiva, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

5

Mtambo wa kumwaga ulifika Jumatatu ukining'inia chini ya puto kubwa la njano. Idara ya nyumba ilikuwa na puto. Idara ya Yoramu haikuwa nalo, na alilitazama kama mtu anayetazama sahani ya jirani.

Mzee Mwaipaja alikuwa amevaa suti. Aliposafisha koo ili aanze hotuba, Bibi Subilaga alisogea mbele, akasimama kati yake na mtambo.

"Mwenyekiti, nisamehe. Hotuba yako ni nzuri, nilikusikia ukiifanyia mazoezi bafuni. Lakini masikio manne yalilala jikoni kwangu siku zote tatu. Ile chemchemi ni maharage."

Yoramu alifumba macho.

"Na mkoromo?" aliuliza mwenyekiti kwa unyonge, kama mtu anayeiaga hoteli yake.

"Mkoromo ni wangu."

"Bibi," Yoramu alisema, "manne pekee yasingeweza kuupinda ufa kijiji kizima."

Watu walianza kutazama miguu yao. Kisha Tupokigwe akajitokeza, khanga ameibana kwapani.

"Mama Ambokile asibebe peke yake," akasema. "Mimi niliingiza matano. Niliyalaza na wajukuu, kitandani, upande wa ukutani yasianguke."

"Mimi mawili," alisema mwalimu wa kwaya. "Niliyaimbia kidogo."

"Matatu," alisema mwingine. "Yalikuwa kwenye banda la ng'ombe, lakini penye majani makavu."

Wakaendelea hivyo, ua baada ya ua, kila mmoja akishangaa kumsikia mwenzake, maana kila mmoja alidhani ni yeye tu aliyekuwa na moyo mwepesi kijiji kizima. Mwisho macho yote yalimwangukia mwenyekiti.

"Moja," alisema Mzee Mwaipaja. "Chini ya meza ya ofisi. Nilililazia koti."

"Asanteni," alisema Sikizi. "Nilikuwa nimeandika kwamba kijiji chenu hutembea usiku. Nitafuta."

Yoramu alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mabega yalikuwa yakimtetemeka, Bibi akadhani analia, akamwendea. Alikuwa anacheka, ila machozi yalikuwepo pia.

"Watakufukuza kazi, mwanangu?"

"Watanigombeza. Nitaandika kwamba kosa ni langu. Nilipaswa kukaa nayo." Alijifuta uso. "Hapakuwa na haja ya kuongea, bibi. Ungenyamaza ungekaa na nyumba yako."

"Nyumba ningekaa nayo," alisema Bibi. "Usingizi je?"

6

Safari hii masikio yalichomekwa na wenyewe, nje, kwenye tope, na kila mtu aliapa mbele ya mchungaji. Lakini puto la mtambo lilikuwa limepewa siku mbili tu kijijini, na kusikiliza manung'uniko kungechukua tatu.

"Ningekuwa na nyundo ningemaliza kwa nusu siku," alisema Yoramu.

Tupokigwe alimtazama kama anayemtazama mtoto anayelilia maji huku amesimama mtoni. Akaingia ndani, akatoka na kinu na mchi.

Vinu vilikuja kumi na viwili. Wanawake walivipanga kwenye mstari, kila kimoja pembeni ya sikio, na Sikizi akawa anahesabu. Mchi ukishuka, mlio ulishuka nao ardhini, na masikio sitini yakasikia. Walitwanga kituo kimoja mara hamsini, wakahama, wakatwanga tena. Kwa kuwa hakuna mtwangaji anayekubali kutwanga kinu kitupu, walitia mahindi.

"Kinu cha tatu," alisema Sikizi, "tafadhali, unawahi."

"Ni damu changa," alijibu Tupokigwe, mwenye miaka sabini.

"Kinu cha tisa unachelewa."

"Cha tisa ni mke wa mwenyekiti," alisema mtu. "Anasubiri hotuba."

Kucheka kuliharibu vituo viwili, wakavirudia. Alasiri mahindi ya wiki nzima yalikuwa yamekobolewa, na Sikizi akasema imetosha.

Picha iliinuka hewani palepale shambani. Mara hii mstari mwekundu haukumzunguka mtu. Ulikuja umenyooka kama uliochorwa kwa rula, ukapita kwenye kidaraja cha Asajile, ukapita chini ya mafiga, ukavuka njia, ukaingia katikati ya kiwanja cha Tupokigwe, ukaangukia korongoni. Kiwanja cha mpira kilikuwa kizima, mwamba mtupu.

Tupokigwe alimshika Bibi mkono.

"Wodi itamwagwa kwenye kiwanja cha mpira," Yoramu alisema. "Leo hii."

Vijana wa mpira walinuna mpaka giza lilipoingia. Halafu wakaja wenyewe kung'oa magoli, na kapteni wao akaomba jambo moja tu, kwamba mtoto wa kwanza wa kiume atakayezaliwa pale asajiliwe timuni.

7

Bibi na Tupokigwe walimwagiwa nyumba zao juu kidogo ya kanisa, milango ikitazamana. Nyumba zilikuwa nzuri, hazikuvuja, na Bibi alizisamehe kwa hilo. Kaburi la Asajile lilibaki. Sheria ya Mstari haihamishi wafu, maana wao hawaogopi kutikiswa.

Sikio namba kumi na nne nalo lilibaki. Yoramu alilichomeka mahali jiko lilipokuwa, kando ya mafiga matatu ambayo Bibi alikataa yang'olewe, ili liusikilize ufa siku zote. Bibi aliambiwa kwa upole kwamba lazima likae nje, na akakubali kwa upole. Kila asubuhi alishuka na fimbo yake, akamsalimu Asajile, akapalilia kidogo, halafu akachuchumaa kando ya sikio akalifuta kichwa kwa ncha ya kitenge bila kulisogeza hata unywele.

Wodi ilipofikisha watoto tisa, Yoramu alirudi kukagua. Alimkuta Bibi palepale, kwenye manyunyu.

"Mama," alisema Sikizi kutoka kifuani kwake, "nina swali. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, sikio namba kumi na nne husikia mtikisiko mdogo. Miguu miwili, fimbo moja, kisha kimya kirefu. Nimeuandika 'haujulikani'. Niandike nini?"

Bibi aliyatazama mafiga yaliyolowa. Akakitazama kidaraja, ambacho sasa kila mtu alijua ni nini.

"Andika mwenyeji," akasema. "Amekuja kumwangalia mgeni wake."

Sikizi akaandika. Yoramu alivuta kamasi, akasema ni baridi ya huku, akasogea ili amsaidie Bibi kuinuka.

"Samahani, mama," alisema Sikizi. "Mwenzangu amekanyaga mboga zako tena."